Jeneza Mteremkoni

Waya wa breki ulikatika Ngwali akiwa ameshaanza kuteremka kuingia mjini. Ilikuwa siku yake ya kumi na tisa barabarani, peke yake, na sasa baiskeli na mizigo yake ilikwenda itakavyo. Akakandamiza soli ya kiatu kwenye tairi la mbele. Ikanuka kuungua tu.

Chini kulikuwa na watu. Walijaa barabara nzima, kanzu na kofia, na mabegani mwao jeneza refu la msikiti lililofunikwa kitambaa cha kijani.

Kwao Ngwali, anayekutana na jeneza hushuka, akalibeba walau hatua chache. Yeye akapiga kengele.

“Hana adabu huyu!” mtu alifoka. “Shuka!”

“Sina breki jamani! Sina breki!”

Hakuna aliyepisha, jeneza halikimbizwi. Ngwali akakata usukani, akajitupa mtaroni na mizigo yake.

Alipoinuka, viganja vikivuja damu, msafara mzima ulikuwa umesimama ukimtazama. Akangoja matusi. Mwanamume mmoja wa mbele akasogea, akaacha nafasi kwenye mti wa jeneza.

“Shika hapa, mgeni.”

Ngwali alikaza bega kupokea uzito wa mtu mzima. Kilichomfikia begani ni uzito wa mtoto.

“Wa nani?” alinong’ona.

“Wetu sote. Tembea.”

Hatua chache zikapita, kisha nyingine. Damu ya kiganja chake ilikuwa ikiingia taratibu kwenye kile kitambaa cha kijani, na hakuna aliyemwambia atoe mkono.