Pasi ya Wadha

Dahham bin Lafi alikuwa ameshakunywa vikombe sita vya kahawa na bado alikataa kukitikisa kikombe. Aliyetosheka hukitikisa, naye mwenye birika huondoka. Asiyetikisa humiminiwa tu. Katika miaka thelathini na mmoja ya kuja kwenye jengo hili hakuwahi kupewa hata tone la maji, na leo aliazimia kuinywa miaka yote kwa kikao kimoja.

Miaka yote hiyo alikuwa mtu wa dirisha la saba. Hilo ni la wale waliozaliwa papa hapa, baba zao wakalinda bomba la kwanza la mafuta kwa fimbo na mbwa, lakini hawana karatasi ya kuonyesha kwamba wapo. Afisa wa pale ana wimbo mmoja: lete ushahidi kuwa babu yako aliishi hapa kabla ya mwaka elfu moja mia tisa na ishirini. Dahham alileta mashahidi. Wakafa wakingoja foleni. Akaleta kovu la nyonga, alilolipata vitani akiwa amevaa sare ya nchi hii hii. Afisa akalitazama, akasema halina muhuri.

"Risasi haikuniuliza uraia," Dahham alimwambia.

"Basi kauombe kwa aliyekupiga."

Chumba kizima kilicheka, hata waliokuwa nyuma yake kwenye foleni ile ile. Dahham hajasahau. Anaikumbuka siku, na rangi ya kalamu iliyokuwa sikioni mwa yule bwana.

Leo alisimama dirisha la pili, ambalo kibao chake kimeliwa na vumbi hata hakisomeki. Kilichomfikisha hapo ni mama yake. Bi Nuwair alivuka mpaka mwaka wa vita kuokoa roho, na hakuruhusiwa tena kurudi. Sasa ana miaka tisini, yuko Hafr al-Batin, ng'ambo ya mpaka, safari ya asubuhi moja tu kwa gari, na juzi alituma salamu: mwanangu, njoo nikuone, macho yangu yanazimika. Lakini mtu wa dirisha la saba havuki mpaka. Ndipo Dahham alipomfikiria Wadha.

Wadha ana miaka sita. Mama yake alikufa akimzaa, na Dahham ndiye aliyemlea kwa chupa ya maziwa, akimkumbatia usiku wa baridi mpaka pakuche. Sasa alikuwa nje, garini, amewekwa kivulini.

Bu Mishal, afisa wa dirisha la pili, alikuwa mtu mnene, mcheshi, asiye na haraka.

"Mama yake nani?"

"Shaqha."

"Na bibi yake?"

"Shaala. Na mama yake Shaala ni Hamra, aliyezaliwa Salmi mwaka wa mvua kubwa."

"Basi, ami, inatosha. Ukoo huu nani asiyeujua?"

Dahham alidhani anadhihakiwa, lakini Bu Mishal aliandika kweli. Hakutaka shahidi. Hakutaka babu. Damu ya Wadha ilikuwa imepimwa jana, bure, na majibu yalikuwa yamesharudi. Ya Dahham mwenyewe iko maabara mwaka wa tisa huu, labda imeshageuka kutu.

Ukutani, juu ya kichwa cha Bu Mishal, palikuwa na ubao ambao Dahham anaujua kama Yasini: Nchi Yetu kwa Ufupi. Eneo, kilomita za mraba elfu kumi na saba na mia nane. Mito, hakuna. Misitu, hakuna. Mchanga, tele. Maji ya kunywa, kutoka baharini. Mafuta, sehemu tisini katika kila mia ya tunachouza nje. Halafu idadi: raia kadhaa, wageni kadhaa, mifugo kadhaa. Amejitafuta katika ubao huo miaka thelathini na mmoja. Mchanga umo.

Bu Mishal alichungulia nje. "Mashallah, kope hizo. Huko ng'ambo watamgombania." Kisha akaikunja sura. "Lakini hasafiri peke yake. Sheria."

Dahham aliinua mkono upesi, na kikombe nacho kikatikisika. Mwenye birika akaona ametosheka, akaenda zake.

"Nitafuatana naye mimi," Dahham alisema. "Hali chakula kwa mkono wa mwingine."

"Una karatasi?"

"Sina."

Bu Mishal alijikuna shingo. Akaigeuza fomu mbele nyuma, akaisoma mpaka ukurasa wa mwisho kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Hatimaye akacheka kidogo.

"Hapa mwisho, ami, karatasi zako hawaziulizi. Hata jina lako hawalitaki."

Akaandika mistari mitatu, akagonga muhuri. Dahham aliupokea ule mlio kifuani. Akaibusu pasi ya kusafiria ya Wadha, akatoka mbio na nyonga yake mbovu.

Alasiri walikuwa kwenye kizuizi cha mpakani cha Salmi. Askari aliifungua pasi, akaizunguka pikapu mpaka nyuma, akamtazama Wadha machoni. Wadha naye akamtazama, akitafuna. Askari akasoma kwa sauti, akihakikisha kila kitu kwa kidole.

"Ngamia jike, mweupe, mmoja. Kamba, mbili. Tandiko, moja. Mchungaji, mmoja."

Kidole kikasimama kidogo mbele ya kifua cha Dahham.

"Vyote vipo," akasema, akainua kizuizi.