Taa ya Kiti cha Nyuma

Waya uligusa bati, cheche ikaruka, na gari zima likazima.

Seremala alijivuta kutoka chini ya dashibodi, akachomoa fyuzi, akaiinua kwenye mwanga wa jua linalozama. Ilikuwa imeungua. Hakuwa na nyingine.

Ndani ya nyumba ulisikika mguno, kisha kiganja kikapiga ukuta mara tatu. Ndivyo walivyopatana: kila uchungu ukimshika binti yake, agonge.

"Dakika sita," alisema jirani akitazama saa. "Zilikuwa nane."

Jirani huyo aliendesha malori miaka thelathini, hadi mgongo ulipomgomea. Watu walimwita Breki. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kama hakimu.

"Wewe ni mtu wa mbao," alisema. "Umeme haupigwi randa. Mpakie binti mwende."

"Taa kwanza."

"Taa ya ndani? Barabara iko nje, ndugu yangu. Ukiwasha taa ndani usiku, kioo cha mbele kinakuonyesha sura yako mwenyewe. Na sura hiyo haijawahi kumfikisha mtu popote."

Seremala hakucheka. Aling'oa fyuzi ya redio, akaipachika pale palipoungua. Redio ile haikuwa na mtu wa kuigombea.

Mtoto alitarajiwa baada ya wiki tatu. Mkanda wa taa, waya na swichi vilikuwa kwenye droo vikingoja siku ya mapumziko, mtoto hakungoja. Mkwe alikuwa kazini, mbali. Zahanati ilikuwepo, dakika kumi kwa miguu, lakini wakubwa waliifungua kwa mkasi na utepe, kisha wakaifunga kwa kufuli, na mkunga wakamhamishia kule wanakozaa wake zao. Gari la wagonjwa nalo lilikuwepo. Mchana lilionekana likibeba saruji ya mmoja wa wakubwa hao. Iliyobaki ni hospitali, mwendo wa saa nzima, kwenye barabara yenye nguzo za taa zisizo na taa. Hata nguzo hizo zilizinduliwa, na watu walipigishwa makofi.

Mke wa seremala alifia barabara hiyohiyo, kwenye kiti hichohicho cha nyuma, miaka miwili iliyopita.

Alipitisha waya pembeni mwa kioo cha mbele, akausukuma juu ya kitambaa cha dari kwa rula yake ya chuma. Taa ya zamani iliwaka mlango ukiwa wazi tu. Ukifungwa, inazima. Waliotengeneza gari nao walikuwa wakubwa wa aina yao: waliamua kwamba abiria akishafunga mlango, hana tena haja ya mwanga.

"Si umpe tochi tu?" aliuliza Breki.

"Tochi inashikwa kwa mkono."

Kiganja kikapiga ukuta. Breki alitazama saa.

"Ndugu yangu, najua unachoogopa," alisema taratibu. "Lakini marehemu alikwenda kimya, bila kuhangaika. Wewe mwenyewe ulituambia msibani."

Seremala alikata tepu kwa meno.

"Niliwadanganya. Alikuwa anasema. Alinigonga bega, nikadhani ananihimiza, nikaongeza mwendo. Akanigonga tena, nikaongeza tena. Sikusimama hata mara moja. Nilijua najitahidi."

"Alikuwa anasema nini?"

"Sijui."

Breki aliinuka kwenye ndoo akiwa ameshika kiuno, akaokota tochi, akaanza kummulikia. Hakutania tena.

Seremala alibonyeza swichi. Taa haikuwaka. Akabonyeza tena. Giza lilikuwa limeshaingia uani na mikono yake ilikuwa inateleza kwa jasho.

"Hapo kwenye skrubu," Breki alinong'ona. "Kwangua rangi. Umeme unataka bati tupu."

Alikwangua kwa ncha ya bisibisi, akakaza skrubu, akafunga milango yote minne, akabonyeza.

Kiti cha nyuma kikawa cheupe kama meza ya daktari.

Breki alipenyeza mkono dirishani, akakishika kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, akakiinamisha mpaka barabara ikapotea na kiti chote kikaonekana. Dereva wa miaka thelathini, akafanya hivyo kwa mkono wake mwenyewe.

"Barabara ya nyuma umeshaipita," alisema. "Nenda."

Seremala aliingia chumbani, akapiga sakafu ya mbao kwa kisigino mara mbili. Binti, aliyekuwa ameegemea ukuta na kumpa mgongo, aligeuka. Hawakupoteza muda. Alimshika kiuno, akamtoa nje, akamlaza, akafunga mlango. Taa haikuzima.

Yale ya kioo cha mbele, Breki alisema kweli. Mbele yake aliona nusu barabara, nusu mzee mwenye midomo mikavu. Alikwenda polepole, pua karibu na usukani, na kila baada ya pumzi mbili alitupa jicho kwenye kioo kidogo. Lori lilimkaribia kwa nyuma, likapiga honi ndefu iliyotikisa vioo, likampita kwa hasira. Yeye aliruka kitini. Binti hakushtuka, hata kope hakupepesa.

Walivuka daraja. Nguzo zilipita moja moja, ndefu, zimekufa.

Kisha akahisi vidole begani. Mara mbili.

Mguu wake ulitaka kukandamiza mafuta. Aliuzuia, akainua macho kwenye kioo. Chini ya mwanga mweupe, binti alikuwa ameachia kiti na kuinua mikono yote miwili, na vidole vyake, kwa lugha aliyofundishwa na mama yake, kiziwi kama yeye, vilikuwa vinamwambia waziwazi: Baba, simama, mtoto anatoka.

Alisimama.