Siku Saba kwa Jirani

Mtaani kwao majirani wakigombana hubadilishana nyumba kwa siku saba, wajifunze. Ndivyo Nambozo alivyohamia kwa Wakesho, mjane waliyegombana naye kuhusu maji machafu, naye Wakesho akaenda kukaa na binti mdogo wa Nambozo.

Siku ya kwanza Nambozo aliona maji aliyozoea kumwaga baada ya kufua yameozesha sukuma wiki ya mwenzake. Akaona haya. Siku zilizofuata alimsikia binti yake akicheka ng'ambo ya ukuta, akatega sikio ajue kinachomchekesha hivyo. Hakuambulia neno.

Siku ya saba alirudi, akaomba radhi.

"Yameisha, dada," Wakesho akasema.

Binti alikuwa bado amemshika Wakesho mkono. "Mama," akauliza, "mtagombana tena lini?"