Wasikilizaji wa Laini ya Josho

"Weka chini, Jailos. Najua uko hapo."

Budeba alikibana kisikilizio sikioni, akasikia vile alivyochukia kuvisikia: redio ya dukani ikiimba, mbwa akibweka mbali, maji ya pampu yakimwagika. Simu zote za laini zilikuwa zimenyanyuliwa. Na mtoto alikuwa anakufa.

Mezani kwake, katika ofisi ya shamba pale Ilomba, nje kidogo ya Mbeya, palikuwa na mashine mbili. Moja ya Posta, ya kuzungusha namba, iliyofika Mbeya mjini, Iringa na kwingineko. Ya pili ilikuwa ya shamba la mpunga kule Usangu, ya kukoroga kwa mkono, yenye waya mmoja uliopita pampu, kinu na duka mpaka josho la ng'ombe. Mashine hizo hazikuelewana hata chembe. Hii ilitaka namba, ile ilitaka milio: mrefu na mfupi ni pampu, kwa Jailos, mifupi miwili ni kinu. Kilichoziunganisha ni kanuni zilizokuwa kichwani mwa Budeba, na waya aliouchomeka kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini hakuna kanuni iliyozuia udaku. Ukimpigia mmoja, wote wananyanyua, na kila aliyenyanyua alinyonya sauti ikabaki ya kunong'ona. Haya hawakuwa nayo. Meneja alipokuwa akimweleza mkewe habari za kuharisha kwake, Mama Mwanakhamisi wa dukani alidakia katikati akamwelekeza dawa. Faustin wa kinuni aliicheka posa ya watu mpaka ikavunjika. Sikio halilali na njaa, wahenga walisema, lakini masikio ya hawa Budeba aliyaona kama midomo ya fisi. Aliwachukia mpaka hamu ya chakula ilimtoka akiwafikiria.

Mchana huo aliyepiga alikuwa Roza, mke wa Masunga, mtunza josho.

"Shemeji, mwanangu Seni amekunywa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Masunga hayupo, ameenda mnadani. Nimpe maziwa?"

Kabla hajamaliza, Budeba alisikia simu zikinyanyuliwa: ka, ka, ka.

"Subiri hapohapo, shemeji. Namtafuta Bwana Alawi."

Alawi alikuwa bwana mifugo wa Iringa, mwenye ofisi Mlandege, na ndiye aliyeigawa dawa ile. Kama kuna aliyeijua sumu yake, ni yeye. Budeba alizungusha namba, akamsihi opereta wa Posta, akangoja huku jasho likimtiririka. Alijua anachokiogopa. Wafugaji waliotoka Usukumani, kama yeye mwenyewe, sumu yoyote waliitibu kwa maziwa.

Hatimaye Alawi akapatikana.

"Maziwa hapana kabisa, Budeba. Mafuta yake yataisambaza sumu mwili mzima. Mwambie mama yake amwoshe kwa sabuni, amlaze ubavu, akimbizwe hospitali. Upesi, ndugu yangu."

Budeba akauchomeka waya, akaziunganisha mashine zake mbili. Sauti ya Alawi ikaingia kwenye laini ya shamba, ikadidimia kama jiwe kwenye tope. Akashika kazi ya kupaza sauti mwenyewe.

"Roza! Usimpe maziwa! Unanisikia?"

"Shemeji? Sisikii..."

"Maziwa hapana!"

Ikaja ngurumo ya injini, ikazidi, ikamfunika Roza. Faustin na kinu chake, bila shaka. Hata kukizima kidogo hakuweza. Kisha ngurumo ikapungua, na Roza hakujibu tena.

"Jamani, wekeni chini. Mama wa watu hanisikii."

Redio iliendelea kuimba. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyehema. Wamebana pumzi kama wezi chini ya kitanda, Budeba akawaza.

"Mwanakhamisi, wewe ni mzazi. Basi mmoja wenu aende mbio kwa Roza amwambie. Mmoja tu!"

Mbwa akabweka. Budeba alikoroga mashine mpaka kiganja kikamuuma. Aliwatukana kwa Kiswahili, akawatukana kwa Kisukuma, akawatakia wazikwe bila mtu wa kuwalilia. Kwa upande wa pili Alawi aliuliza mara mbili tatu kama mama amesikia, kisha simu ya Posta nayo ikakatika.

Budeba akakitupa kisikilizio. Alikwenda dirishani akatema mate. Watu wamesimama pale, kila mmoja na simu sikioni, wanasikiliza mtoto akifa ili jioni wapate cha kusimulia. Hao ndio majirani. Akachukua koleo kwenye sanduku la vyombo, akaliweka mezani. Kesho angepanda gari la kwanza la Usangu na kuzing'oa simu zao moja moja, meneja apende asipende.

Jua lilikuwa limekwisha kuinama iliposikika kengele. Ilikuwa mashine ya Posta. Akadhani ni Alawi anayeuliza habari za msiba.

"Shemeji," ilisema sauti ya Roza, safi, kama yuko chumba cha pili. "Seni anapumua. Wamemwosha, wamemtundikia maji. Maziwa sikuwahi hata kuyatia kikombeni."

Budeba alikaa chini. "Uko wapi?"

"Huku hospitali ya barabara kuu."

"Nani amekupeleka?"

"Si hao hao. Nilipokwambia tu mtoto amekunywa sumu, walikuja mbio. Faustin na trekta, Jailos amemshika Seni njia nzima, Mama Mwanakhamisi hata duka hakufunga. Sidhani kama kuna hata mmoja aliyekumbuka kurudisha simu mahali pake."