Meza ya Kilomita ya Thelathini na Nane

Saa nne na dakika thelathini na moja asubuhi, upepo uling'oa turubai la meza ya maji ya kilomita ya thelathini na nane ya mbio za marathoni. Mlingoti mmoja ulimpiga mhudumu, mwalimu mstaafu, ukamvunja mfupa wa bega. Gari la wagonjwa lilimchukua baada ya dakika sita. Binti yake, mhudumu wa pili, akapanda naye.

Mezani alibaki mwanamke mmoja, ndani ya koti la mvua la njano lililomfika magotini. Kofia ya koti ilimfunika hadi kwenye nyusi.

Aliisimamisha meza upya, akaiegemeza kwenye ukuta wa bahari na kuikandamiza kwa mawe. Glasi alizijaza nusu, kwa sababu zilizojaa zilimwagika kabla hazijafika mdomoni. Kila wimbi kubwa lilivuka ukuta na kuacha barabarani maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu.

Wakimbiaji walipita mmoja mmoja, vichwa chini. Wengi walikuwa wameshaacha kukimbia. Walitembea kwa kuulalia upepo. Kwa kila aliyepita, mwanamke alihamisha kizibo kimoja cha chupa kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto.

"Mama, chai hamna?" aliuliza bwana mmoja mnene, mwenye fulana ya kiwanda cha mikate.

"Maji tu. Ya mbinguni unajipakulia mwenyewe."

Bwana alicheka, akakohoa, akamtazama. "Kaa basi hata kwenye kreti. Unatetemeka kuliko mimi."

"Nikikaa sitainuka. Nenda, usije ukapoa."

Saa tano na dakika kumi na saba lilifika gari la kufunga njia, pikapu yenye taa ya rangi ya chungwa. Gari hilo hutembea nyuma ya mkimbiaji wa mwisho. Likimpita mtu, namba yake inakatwa. Mbio zilikuwa zinafungwa saa sita kamili. Nyuma, chini ya turubai, walilala wanne walioacha wenyewe. Dereva alikuwa kwenye usukani tangu saa kumi alfajiri, na soksi zake zilikuwa juu ya dashibodi, hazijakauka.

"Wamepita wangapi tangu mwalimu aondoke?"

"Sitini na watatu."

Dereva aliipitisha kalamu kwenye orodha kutoka juu hadi chini, kisha akairudisha juu. "Mwalimu aliacha wamebaki sitini na wanane. Toa hawa wanne wangu. Sitini na wanne."

"Nimehesabu mara mbili."

"Basi mmoja kapotea. Namba 803." Alipenga kamasi. "Mkeka wa kuhesabia wakimbiaji, ule wa barabarani kilomita ya thelathini na tano, ulimsoma saa nne na dakika tisa. Baada ya hapo, kimya. Tena huyu namjua. Mwaka jana nilimwokota kilomita ya thelathini na tisa, kaanguka kwa kiu. Sura sikuiona, alijifunika blanketi mpaka puani. Aliniambia neno moja tu njia nzima, kwamba wifi zake watacheka mpaka mwaka uishe."

"Mwaka jana meza hii ilikunjwa mapema," mwanamke alisema. "Wa mwisho walikuta glasi tupu."

"Nani kakwambia?"

"Walioikuta."

Dereva hakubishana. Alikuwa amechoka mno kubishana. "Mimi namhurumia, lakini kanuni sikuziandika mimi. Alishindwa mwaka juzi, akashindwa mwaka jana. Ukishindwa mara tatu husajiliwi tena. Gari hili likiondoka hapa, namkata."

"Huko nyuma una hakika ni kutupu?"

"Nimepita kote, hata kunguru hayupo. Mwenda pole hajikwai, sawa. Lakini huyu si mwenda pole, mama, huyu kaenda kulala."

"Kwa hiyo hakuna atakayekuja kunywa maji tena."

"Hakuna. Kazi imekwisha."

Mwanamke alitazama saa yake ya mkononi. "Zimebaki kilomita nne na kidogo, kwa dakika arobaini."

"Mwenye damu ya moto anafika. Aliyekwisha kupoa asijisumbue."

Injini ilikuwa ikinguruma. Kwenye meza zilibaki glasi mbili. Moja alimpa dereva. Ya pili aliinywa mwenyewe, polepole, hadi tone la mwisho. Ilikuwa ya kwanza tangu aishike meza ile. Kisha akakunja miguu ya meza, akaipakia nyuma bila kuwaamsha wale wanne, na kurudi mlangoni kwa dereva akichechemea.

Dereva alifungua kalamu, akatafuta mstari.

Mwanamke alivua koti la njano, akalikunja mara nne, akalipitisha dirishani na kuliweka karibu na soksi.

"Mrudishie mwalimu," alisema. "Mwambie lilinifaa."

Hatua zake tatu za kwanza zilikuwa za mtu anayeshuka ngazi gizani. Ya nne ilikuwa ya kukimbia.

Ncha ya kalamu ilikuwa imeshaigusa 803 kwenye orodha, na dereva alikuwa ameshaisoma 803 ile ile, imelowa, imebanwa kwa pini nne kwenye fulana iliyokuwa chini ya koti. Saa tano na dakika ishirini na mbili, alizima injini.