Miguu ya Mansuri

Daktari wa Kasulu alilishika shavu la mguu wa Mansuri. Lilikuwa nene na gumu.

“Hii si nguvu, mama. Misuli yake haitengenezi protini ya kuilinda inapojikaza. Inachanika, inakufa, mafuta yanachukua nafasi.”

Kijiji kizima cha Kitahana tuliisifia miguu hiyo kuwa ya mchezaji mpira! Alipoanza kuanguka kilimani, zahanati wakampa dawa za minyoo, shule wakamchapa, eti mvivu. Sijasahau.

“Atapona?” dada yangu, mama yake Mansuri, akauliza.

“Hapana, mama. Na ugonjwa huu watoto wa kiume huurithi kwa mama zao.”

Dada akapeleka mkono mgongoni, ndani ya mbeleko, akaanza kuupapasa mguu wa mdogo wa kiume wa Mansuri.

Asubuhi, kwenye basi la kuja Kasulu, konda alikuwa ameushika mguu huo akicheka: “Mama, huyu naye mchezaji!”