Mkojo wa Kuazima

Siku madereva wa treni ya serikali walipopimwa dawa za kulevya, mmoja wao, Mahimbo, alimvuta kaka wa mkewe, Nchimbi, fundi wa breki, wakajifungia kwenye vyoo viwili vilivyopakana.

"Shemeji, nijazie mkojo wako," Mahimbo alinong'ona, akipitisha kikombe kwenye upenyo chini ya ukuta. "Wakiukuta unga kwangu, dada yako atakula nini?"

Nchimbi alikijaza. Kilikuwa cha moto mkononi. Alimfikiria dada yake na wanawe. Lakini juzi alikuwa amesimama stesheni, akaona treni ikipita bila kusimama, imejaa watu, na Mahimbo dirishani amesinzia, mdomo wazi.

"Fanya haraka, shemeji. Naitwa."

Nchimbi akaumwaga mkojo chooni, akavuta maji.

"Umefanya nini?" Mahimbo aligonga ukuta. "Shemeji, umefanya nini?"

Nesi aliita jina la Mahimbo tena. Chini ya ukuta mkono wa Mahimbo ulikuwa bado umekingwa, vidole vikikitafuta kikombe. Nchimbi alichuchumaa, akaushika. Mkono haukuvutwa, wala haukutulia.